Ukienda kuhani msiba wa Kiyahudi: namna ya kuingia, kunyamaza na kuondoka

"Dada, baba yake mama mwenye nyumba amefariki. Ni Wayahudi, wanasema wanakaa shiva. Niende? Nibebe nini? Nikifika naanzaje?"

Ujumbe wa namna hii hunifikia mara kwa mara, aghalabu usiku, na anayeuliza huwa ameshavaa nusu. Ni binti anayelea watoto wa watu Marekani, kijana anayetunza mzee Kanada, muuguzi wa London, mara mojamoja mtu wa Nairobi ambaye jirani yake husali kwenye ile sinagogi ya mjini. Nimechoka kujibu vipandevipande, kwa hiyo nimeandika yote hapa. Mimi si Myahudi. Nimetunza wazee miaka kumi na moja, wengi wao Wayahudi, na wazee hufa. Haya ni maneno ya mgeni kwa mgeni mwenzake.

Swali la tatu nalijibu kwanza kwa sababu ndilo linaloponza watu. Huanzi. Anaanza mfiwa. Asipoanza, mnakaa.

Najua ni gumu. Kwetu ukipita chini ya turubai bila "poleni" utasemwa mpaka arobaini, na anayekaa kimya sana matangani huulizwa kama anaumwa. Huko kunyamaza ndiyo adabu yenyewe.

Machache ya kujua kabla

Shiva ni "saba" kwa Kiebrania: siku saba za kukaa nyumbani, zinazohesabiwa tangu maziko. Wafiwa kisheria ni baba, mama, mtoto, kaka, dada, mume au mke wa marehemu. Wajukuu na wakwe wanalia kama wengine, ila masharti ya shiva hayawabani.

Asili ya kimya utaikuta katika Ayubu 2:13. Elifazi, Bildadi na Sofari walikuja, wakaketi chini pamoja na Ayubu siku saba mchana na usiku, na hakuna aliyemwambia neno, maana waliona maumivu yake ni makubwa mno. Sura ya tatu inaanza na Ayubu akifungua kinywa chake. Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi (walimu wa dini) wa kale, Rabi Yohanani alichukua sheria kutoka mstari huo: wafariji hawana ruhusa ya kusema neno mpaka mfiwa afungue. Rabi mwingine, Rav Papa, alisema thawabu ya kwenda nyumba ya msiba iko katika kunyamaza.

Sasa angalia kitu kimoja. Ule msemo tunaoupenda misibani, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", umo humo humo, Ayubu 1:21. Aliyeusema ni Ayubu mwenyewe, joho lake limeraruka, rafiki zake hawajafika bado. Sisi tumemnyang'anya mfiwa neno lake tukalitia kinywani mwa mgeni. Na wale marafiki, walipoanza kuongea, waliharibu kila kitu kwa kueleza sababu za msiba, hata mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi kuwa hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili.

Inatosha kwa nadharia.

Unachohitaji

- Saa za kupokea wageni. Familia nyingi huzitangaza pamoja na habari za maziko. Usiende tangu Ijumaa jioni mpaka Jumamosi usiku: Sabato inahesabika ndani ya zile saba, lakini siku hiyo hakuna kuomboleza hadharani.
- Nguo za heshima, zisizong'aa. Si lazima nyeusi. Mwanamume atafunika kichwa, na ukikosa kofia mara nyingi kuna vikofia mlangoni. Nyumba ya washika dini sana, mwanamke avae sketi ndefu na mikono mirefu.
- Jina la marehemu, na nani ni nani pale ndani.
- Kisa kimoja cha kweli kumhusu marehemu, kama ulimjua. Kiweke moyoni. Huenda kisitoke.
- Mikono mitupu. Ndiyo, mitupu. Ukishindwa kabisa, nunua matunda mazima, au chakula kilichofungwa chenye alama ya kosher, yaani kinachokubalika kwa sheria yao ya vyakula. Pilau lako, hata liwe tamu vipi, limepikwa kwenye sufuria ambayo wao hawawezi kuilia. Maua si desturi yao.
- Bahasha ya rambirambi iache nyumbani. Huko pesa haitolewi mkononi kwa mfiwa. Watu huchangia sadaka kwa jina la marehemu, na familia ikitaka itataja ni wapi.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha marehemu ameshazikwa.
Wayahudi huzika haraka, ikiwezekana ndani ya siku moja. Kati ya kufa na kuzikwa mfiwa ana hali yake maalumu, hata sala za kila siku ameondolewa, kwa kuwa kazi yake ni moja: kumsitiri maiti wake. Kuna usemi wa wazee wao: usimfariji mwenzako na maiti wake yuko mbele yake. Muda huo saidia kwa mikono. Chukua watoto shule, pokea wageni uwanja wa ndege, pokea simu. Faraja bado.

Ukienda makaburini utaona watu wakitupia udongo wenyewe, wengine wakigeuza koleo na kutumia mgongo wake, na kila mmoja akimaliza analichomeka ardhini badala ya kumpa mwenzake mkononi. Fanya vivyo hivyo. Baada ya hapo watu husimama safu mbili na wafiwa hupita katikati. Simama kwenye safu. (Ukiona mwanamume amebaki nje ya uzio, usimfikirie vibaya: huenda ni wa ukoo wa Haruni, na makuhani hawaingii makaburini ila kwa ndugu wa karibu kabisa.)

2. Chagua siku.
Siku tatu za kwanza wanaziita za kulia. Kama wewe ni mtu wa karibu, nenda. Kama unafahamiana naye kazini tu, ngoja ya nne au ya tano. Siku ya maziko ndiyo ya kwanza, na ya saba huisha asubuhi tu, kwa hiyo ukizika Jumatatu, Jumapili jioni utakuta wameshainuka. Uliza pia kama kuna sikukuu inakaribia. Ikiingia Pasaka au Mwaka Mpya wao, shiva inakatika hapo hapo, hata kama zilikuwa zimebaki siku nne.

3. Usibonyeze kengele wala kupiga hodi.
Mlango huachwa bila kufungwa ili mfiwa asilazimike kuinuka kukukaribisha. Sukuma, ingia taratibu. Viatu usivue kwa mazoea ya kwetu, tazama wengine. Wafiwa utawakuta na ndara za kitambaa au soksi, kwa kuwa viatu vya ngozi hawavai.

Usiseme "habari za leo". Usiseme hata "shalom", ingawa ndilo neno pekee la Kiebrania unalolijua na ulikuwa umelifanyia mazoezi kwenye basi. Mfiwa wa shiva hasalimiwi.

Vioo vyote vimefunikwa, hata cha msalani. Mara yangu ya kwanza niliinua kidogo shuka la kwenye kioo nitengeneze kilemba, mtoto wa miaka sita akaniona. Hakuniambia kitu. Alikwenda kuwaambia wote.

4. Kaa karibu na mfiwa, na ukae chini kadiri unavyoweza.
Wafiwa hukalia vigoda vifupi au kochi lililotolewa mito. Utawajua pia kwa nguo: ukosi umechanwa, upande wa kushoto juu ya moyo kama aliyekufa ni mzazi, upande wa kulia kama ni mwingine. Siku hizi wengine hubandika utepe mweusi uliokatwa. Usisubiri ainuke. Sheria yao haimtaki mfiwa kumwinukia yeyote, hata mkuu wa taifa.

Mkono? Kwa washika dini, mwanamume na mwanamke wasio ndugu hawashikani. Akikunyooshea wa kwake, pokea. Asipokunyooshea, mikono yako iweke mapajani.

5. Nyamaza.
Hapa ndipo watu wetu wanapofeli. Dakika ya kwanza inapita. Ya pili unajisikia kama mwizi. Ya tatu ulimi unaanza kuwasha, na ya nne unasema, "Yote ni mipango ya Mungu."

Mimi nilisema. Alikuwa mzee wangu wa pili kufa. Nilikaa karibu na binti yake, kimya kikanizidi nguvu, nikamwambia baba amepumzika, Mungu kampenda zaidi. Akanigeukia bila ukali wowote, akasema, "Mimi nilikuwa sijamchoka." Kisha akaendelea kutazama mshumaa. Ule wa shiva huwaka siku zote saba, kwa hiyo nao nilikuwa nautazama kila nilipokuja baadaye, na kila mara niliyasikia maneno yake.

Namna ya kunyamaza bila kuonekana umesusa:
Simu izime kabisa, kuitetemesha hakutoshi. Geuza mwili wako umwelekee, lakini macho usimkazie. Tazama mikono yake, au sakafu mnayoitazama wote. Pumua taratibu. Akilia, usikimbilie kumfuta wala kumwambia "jikaze". Ukilia wewe, lia bila sauti ya kuwafanya waje kukubembeleza wewe. Usihesabu dakika. Usipekue albamu iliyoko mezani mpaka mtu akufungulie.

Msiba wa baadaye, wa bibi mmoja niliyemtunza miaka mitatu, nilikaa na mwanawe karibu dakika ishirini. Alikuwa anakunjakunja ule ukosi uliochanika, anaulaza, anauinua tena. Hakuna aliyesema kitu. Kisha, bila kunitazama: "Ile mifuko. Umeiona ile mifuko?" Nilijua anasema nini. Mama yake alikuwa anakunja kila mfuko wa plastiki wa dukani kuwa pembetatu ndogo kama sambusa, anazipanga kwenye droo. Nikajibu, "Jikoni ziko kama mia mbili." Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kumtoka baada ya kicheko kuisha. Ningekuwa nimekwisha sema la kwangu, ile mifuko isingetoka.

6. Akifungua kinywa, mfuate.
Akizungumzia mpira, zungumza mpira. Akizungumzia hospitali, sikiliza hospitali. Akimtaja marehemu, basi mlango umefunguka: hapo ndipo kile kisa chako kinapotoka, kifupi, na jina la marehemu litajwe. Unaweza kuuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani ujanani mwake?"

Yasiyotoka kinywani mwako, hata mfiwa akiwa ameanza: amepumzika, angalau aliishi miaka mingi, utapata mtoto mwingine, najua unavyojisikia, mimi pia nilipofiwa na baba... Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Kabla hujamaliza, msiba umeshakuwa wako. Na Yesu usimlete katika nyumba hii. Nia yako ni njema, lakini si pake.

7. Chakula: usingoje kuhudumiwa, wala usikimbilie jikoni.
Mlo wa kwanza wa wafiwa baada ya maziko huletwa na majirani, na kwa desturi una mayai ya kuchemsha na adesi. Adesi ina maelezo mazuri kwenye Talmudi. Maharage na kunde zina lile jicho, mahali palipopasuka. Adesi haina. Wazee wakasema: kama adesi isivyo na mdomo, ndivyo mfiwa asivyo na mdomo. Wanaongeza kuwa zile dengu, yaani adesi hizi hizi, alizokuwa akipika Yakobo siku Esau alipouza haki ya uzaliwa wa kwanza zilikuwa chakula cha msiba, wa babu yao Ibrahimu.

Ukikaribishwa, kula. Na najua damu ya kwetu inakuvuta kuosha vyombo. Uliza kwanza! Jiko la kosher lina vyombo vya nyama na vya maziwa, masufuria mbalimbali, sponji mbalimbali, pengine sinki mbili. Ukisugua sahani ya nyama kwa sponji ya maziwa umewaongezea kazi siku ambayo hawana nguvu nayo. Kazi salama: kutoa takataka, kupanga viti, kukaa na watoto.

8. Sala ikianza, baki ulipo.
Asubuhi na jioni watu wazima kumi (kwa Waorthodoksi, Wayahudi washika dini, wanaume kumi) hukusanyika sebuleni ili wafiwa waweze kusema kadishi, sala ya Kiaramu. Wakisimama, simama. Wakiitikia "Amina", unaweza kuitikia. Usitoe sala yako mwenyewe hata ukihisi roho inakusukuma. Kadishi yenyewe inamtukuza Mungu mwanzo hadi mwisho, na kifo hakikutajwa hata mara moja.

9. Ondoka kabla hujachosha.
Nusu saa inatosha. Talmudi ina dalili ya kukuondoa: mfiwa akitikisa kichwa kama anayewapa ruhusa, wafariji hawaruhusiwi kuendelea kukaa. Mtazame basi. Akianza kuegemea ukuta na kujibu "mm" tu, ameshakuaga.

Ukiinuka, hapo una neno la kusema, nalo limeshatungwa, huhitaji kubuni: "HaMakom yenachem etchem betoch she'ar avelei Tziyon viYerushalayim". Maana yake, "Mahali awafariji pamoja na waombolezaji wengine wa Sayuni na Yerusalemu." Mahali ni jina mojawapo la Mungu. Nimelipenda tangu siku niliyoambiwa, kwa sababu pale chumbani mahali ndicho kitu ambacho marehemu amekiacha wazi. Kiebrania kikikushinda, sema kwa lugha mnayoelewana: "Kumbukumbu yake iwe baraka." Usiongeze "tutaonana". Toka.

Mambo yakienda kombo

*Nimeshasema neno baya.* Usilieleze. Kulieleza ni kulisema mara ya pili. Sema "nisamehe", kaa, nyamaza. Yule binti wa mzee wangu alinipa chai siku iliyofuata.

*Nimekaa nusu saa, hakusema hata neno moja.* Umefanya kazi yote. Sema maneno ya kuondokea, nenda. Ukidhani umepoteza muda, kumbuka walioketi na Ayubu walikaa siku saba.

*Nimeingia, watu wanapiga soga na kucheka, sahani zinagongana.* Hutokea sana, na marabi wao wenyewe hulalamika. Wewe si polisi wa msiba. Pita katikati, kaa karibu na mfiwa. Mara nyingi ndiye mtu pekee pale chumbani ambaye hana wa kukaa naye.

*Nimekuja na maua.* Mpe aliye karibu na mlango, usijieleze. Atajua pa kuyaweka.

*Hawakuvaa utepe, vioo viko wazi, shiva yao ni ya siku tatu.* Kuna Wayahudi wa aina nyingi, kama kulivyo na Waislamu na Wakristo wa aina nyingi. Mwenye nyumba ndiye kipimo. Sheria ya kumwacha mfiwa aanze, nimeona inafaa kote.

*Niko mbali.* Andika kwa mkono, mistari mitano, mmoja wao uwe kisa cha marehemu. Ukipiga simu, aliyepokea amwulize mfiwa kama anataka kuongea. Ukipewa simu na upande wa pili pakawa kimya, usiseme "haloo, haloo, unanisikia?" Anakusikia.

*Nimechelewa, siku saba zimepita.* Kuna maombolezo ya siku thelathini, na kwa aliyefiwa na mzazi kuna miezi kumi na miwili. Nenda wiki ya tatu, wakati wageni wameisha na friji imebaki tupu. Masharti ni yale yale, ila hapo unaweza kubisha hodi.

*Nimefika asubuhi ya siku ya saba, wanavaa makoti.* Usirudi nyumbani. Wafiwa wengi humaliza shiva kwa kutoka nje na kuzunguka mtaa mara moja kwa miguu. Ukiambiwa twende, nenda nao, hatua moja nyuma ya mfiwa, si mbele. Mshumaa huachwa uzimike wenyewe. Vaa viatu vya kutembelea.